Blanketi la Mvivu

Mwaka huu watu walimpigia makofi Mvivu, na mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi.

Mchezo wetu wa Krismasi ni ule ule niliouona utotoni kule Zacatecas, kabla hatujahamia Chicago. Wachunga kondoo wanapata habari kwamba Mtoto amezaliwa. Wanafunga safari. Shetani anawatega njiani, Malaika anamcharaza Shetani, wanafika Betlehemu, wanapiga magoti. Kati yao yupo mmoja, Mvivu, ambaye hataki kuamka. Wanamwambia Mwokozi kazaliwa, yeye anauliza kama huko kuna kitanda. Mwishoni wanamburuta mpaka horini, na hapo ndipo ukumbi huangua kicheko na watoto hujifunza bila kuhubiriwa. Bila kuburutwa kwa Mvivu hakuna mchezo, kuna watu waliovaa mashuka tu. Maneno tunayoyasema niliyaandika mwenyewe, zamani nikisoma shule ya jioni baada ya zamu ya kiwanda cha chuma, na kila mwaka huyapiga msasa.

Aliyekuwa akicheza Mvivu alihamia Texas kwa mwanawe. Nafasi yake nikampa binti yangu Amparo, maana tangu mdogo anajua kuchekesha. Amparo hufungasha mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na mwisho wa wiki husafisha ofisi mjini.

Siku ya kwanza ya mazoezi, kina mama walikuwa wamekaa katika ukumbi wa chini ya kanisa wakishona mabawa ya malaika. Amparo akajilaza sakafuni. Wenzake wakamwita, naye akajibu kama nilivyoandika:

"Mwambieni Mtoto nitakuja kesho. Na kesho nayo isiwe na haraka."

Nikangoja kicheko. Kina mama wakapiga makofi.

"Mnapiga makofi ya nini?" nikauliza.

"Kasema kweli," akajibu Mama Consuelo, ambaye ana ulimi mkali kuliko sindano yake.

"Kweli gani? Huyu ni mvivu! Ni wa kuchekwa!"

"Mzee Eleuterio, mimi bosi akinipigia simu Jumapili natamani kumjibu hivyo hivyo. Huyo mvivu wako agombee udiwani, kura yangu anayo."

Wakacheka. Walicheka maneno ya Consuelo, si yangu.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Baba zetu walipomcheka Mvivu walikuwa wakimcheka mtu wanayemjua, jirani ambaye shamba lake limejaa magugu naye yuko kivulini. Mchezo wa namna hii huonyesha watu wanachokionea aibu. Sasa watu wasipoona aibu kulala, mimi niandike nini? Nikaamua kosa liko kwenye maandishi: Mvivu hakuwa mvivu vya kutosha. Nikamwongezea. Akipewa mkate, hanyoshi mkono, anataka atafuniwe. Akiumwa na mbu, anamwita mwenzake aje amkune.

Mazoezi yaliyofuata, makofi yakazidi. Mmoja akapiga mluzi.

"Kaka, mimi nafanya nini humu?" akaniuliza Prisciliano. Ni mwenye bucha, na ndiye Shetani wetu. "Nakuja na pembe, na mkia, na moshi, hakuna anayenitazama. Huyu binti nimtege na nini? Dhahabu haitaki. Nikimwahidi usingizi, ukumbi mzima utanifuata motoni kwa foleni."

"Wewe cheza kilichoandikwa."

"Nacheza. Ila ungeniruhusu nivue pembe nivae sare ya msimamizi wa ghala, wangenizomea vizuri."

Nilikuwa nimeshaiona dawa. Amparo alilala kwenye saruji, kwa hiyo alionekana kama mtu aliyeanguka kwa kuchoka. Mvivu halisi hulala pazuri. Watu waone raha yake, wakasirike, kisha wacheke akiburutwa. Nikatoa nyumbani godoro, mto wa manyoya, na blanketi letu zito lenye picha ya simbamarara, lile alilolileta marehemu mke wangu tulipohamia huku.

Siku ya mchezo, Jumapili mchana, Amparo alifika tukiwa tumeshaanza kukaribisha wageni. Akalipapasa lile blanketi.

"Baba, si la mama hili?"

"La jukwaani."

"Kuna kahawa?"

"Mvivu hanywi kahawa."

"Nimeunganisha zamu ya ghala na ya ofisi, ndiyo nimetoka sasa hivi, Baba. Hata viatu sijabadili."

"Sote tumewahi kutoka zamu. Mimi nilikuwa nikitoka zamu naenda darasani."

"Najua, Baba," akasema, akijiingiza ndani ya blanketi. "Umeshaniambia."

Ukumbi ulijaa. Harufu ya tamale, ile mikate yetu ya mahindi yenye nyama, ilitoka jikoni. Amparo akasema maneno yake ya kwanza, akapigiwa makofi, nikavumilia. Wachunga kondoo wakaondoka, Shetani akawatega, Malaika akamcharaza. Kisha wakarudi kumchukua Mvivu.

"Amka, ndugu! Twende Betlehemu!"

Hapo alitakiwa kuuliza kama kuna kitanda. Kimya.

"Amka, ndugu, twende Betlehemu," akarudia yule mchunga kondoo, akinitupia jicho.

Mimi hucheza mtawa wa pangoni anayewaongoza, nina fimbo na ndevu za pamba. Nikamnong'onezea Amparo kutoka pembeni: "Kuna kitanda huko? Kuna kitanda huko?" Nilichojibiwa ni mkoromo.

Nikaingia jukwaani, nikainua fimbo. "Amka, ewe gunia la usingizi!"

"Wee mzee!" Mama Consuelo alikuwa mstari wa mbele. "Ukimgusa na hiyo fimbo, nakuja huko huko juu!"

"Mwache alale!" akasema mwingine.

"Shhh!"

Shhh ile ilienea ukumbi mzima. Ilinilenga mimi, katika mchezo wangu. Nikamtazama Prisciliano anisaidie. Akavua pembe.

"Kaka," akaninong'oneza, "hata mimi huyu simgusi."

Nikashika pindo la blanketi nilivute, kama ilivyoandikwa. Miguu ya Amparo ilikuwa nje, na viatu vile vizito vya ghalani, soli zimelika upande mmoja. Kidole gumba cha mkono kilikuwa kimefungwa utepe wa kufungia maboksi. Alikuwa amelala kinywa wazi kama alivyolala akiwa mchanga.

"Leteni hori," nikasema.

"Wapi, Mzee?" akauliza Malaika.

"Hapa! Betlehemu ni hapa, au mnataka niwachoree ramani? Na atakayekanyaga kwa kishindo, mwakani hachezi."

Wakalibeba hori kwa ncha za vidole, wakaliweka kando ya godoro. Wachunga kondoo wakapiga magoti hapo hapo. Kisha, kama desturi yetu, watu wakapanda mmoja mmoja kumbembeleza Mtoto, mwanasesere wetu, ndani ya kitambaa na kumwimbia alale. Kila mwaka huwasihi waimbe taratibu, na kila mwaka hupiga kelele kama wako mnadani. Safari hii waliimba kwa sauti ya chini, wakaimba vizuri mno, jambo lililoniudhi zaidi. Kila aliyembusu Mtoto alimtazama na Amparo. Consuelo akaacha tamale kando ya mto, bado imefungwa kwenye ganda lake la mahindi.

Nilikuwa nakunja viti alipofumbua jicho moja.

"Baba, nimeshauliza kitanda?"

"Hukuuliza."

"Walicheka?"

"Hata mmoja. Umeniharibia mchezo. Kula tamale yako, inapoa. Tunafunga ukumbi."

"Dakika tano tu, Baba," akasema, akajifunika uso kwa simbamarara.

Nikavua ndevu. Nikachukua kiti nilichokuwa nimeshakikunja, nikakikunjua, nikakaa.