Harufu ya Divai Mpya

Mkaguzi wa bima alipanga glasi tatu mezani, akamsogezea Gerlinde Pauly ya kwanza.

"Hii?"

Gerlinde alivuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakusikia kitu. Ubaridi tu.

"Sijui."

"Hii je?"

"Sijui, bwana."

Ya tatu ilikuwa siki. Aliitambua ilipomwasha macho.

Alikuwa na miaka sitini na moja. Thelathini na minne kati ya hiyo aliimalizia chini ya ardhi, kwenye ghala la akina Kessenich, akinusa na kuonja divai nyeupe kavu inayotoka kwenye miteremko mikali ya mto Mosel, Ujerumani. Wenzake walikuwa wakitania kwamba pua yake inajua mvua ilinyesha wiki gani. Halafu, mwezi wa pili, mpira wa gesi ya salfa, wanayohifadhia divai, ulichomoka. Barakoa ya gesi ilikuwa imekwisha muda wake. Tangu mavuno alikuwa akiomba nyingine, na kila mara aliambiwa wiki ijayo. Wenzake walikimbia. Yeye alirudi kufunga koki, maana gesi yote ile ilikuwa ikienda kwenye tangi kubwa la divai mpya. Alitoka akitambaa. Divai ilipona, pua yake haikupona.

"Kabla ya siku ile," mkaguzi aliuliza, "ulikuwa na mafua?"

Henning Kessenich, mwenye mali, alikuwa amesimama dirishani akitazama simu yake. Hakuinua kichwa. Hakuwa na haja. Jana jioni alikuwa amekaa jikoni kwa Gerlinde, kwenye kiti cha Ewald, mumewe.

"Sema mafua tu, Bi Linde," Henning alimwambia. "Neno moja. Mwezi wa pili nani hana mafua?"

"Mimi sikuwa nayo."

"Ukitaja barakoa, ghala linafungwa. Watu kumi na mmoja watakaa nyumbani kwa sababu yako. Tena nyumba hii ni ya wafanyakazi, unajua. Sitaki kumhamisha mzee na magoti yake yale."

Ewald, aliyeharibu magoti hayo kwenye mizabibu ya baba yake Henning, alitazama kitambaa cha meza. Henning alimaliza keki yake.

"Tamu hii," alisema akiinuka. "Mkono wako haujapotea."

Sasa mkaguzi alikuwa akisubiri, kalamu hewani.

"Nilikuwa na mafua," Gerlinde alisema.

"Makali?"

"Makali."

Mkaguzi alimsogezea karatasi. "Mama, ukitia saini hapa, hakuna fidia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na unashikilia hayohayo?"

"Si nimeshasema?"

Alitia saini. Mkaguzi alikusanya karatasi zake, akaaga, akaondoka bila kumpa mkono Henning. Gerlinde alichukua koti lake.

"Usiondoke," Henning alisema. "Wageni wanafika saa tisa. Nimewaahidi utawaonjesha wewe."

"Henning, siwezi. Umeona mwenyewe."

"Maneno si unayo?"

Walikuja kumi na wawili, watu wa mjini, viatu vyao havijaguswa na tope. Gerlinde aliwamiminia. Kwa divai za miaka iliyopita hakupata taabu. Alizikumbuka kama watu wanavyokumbuka sauti za marehemu wao. Alisema, nao wakaitikia kwa vichwa. Ndipo mama mmoja mwenye skafu ya hariri akaonyesha chupa ya mwisho.

"Na hii mpya?"

Ilikuwa ile ya tangi kubwa. Tangu itiwe kwenye chupa, Gerlinde hakuwahi kuisikia harufu. Aliinusa. Alipiga fundo moja, ikamkata ulimi kwa ukali wake, basi. Kumi na wawili wote walikuwa wakimtazama mdomo.

"Tufaha bichi," alisema. "Ganda la limau. Halafu kwa mbali, jiwe lililonyeshewa."

Pua zote ziliingia kwenye glasi.

"Jiwe!" yule mama alipaza sauti. "Kweli kabisa, nalisikia!"

Wakapiga makofi. Henning aliyekuwa nyuma yao alivuta karatasi, akaja mpaka ubavuni kwake.

"Rudia, Bi Linde, polepole," alisema. "Hayo ndiyo tutakayoyachapisha kwenye lebo."

"Tufaha bichi," Gerlinde alirudia, na Henning akaandika.