Mikulo Ndani ya Mashine Namba Tatu

Siku ya gulio Jenoveva alifungua mapema. Alifagia matope ya viatu vya jana, akapangusa kibodi moja moja kwa kitambaa chenye unyevu, kisha akaketi mbele ya mashine namba tatu kuendelea na gemu ya ndege, ambayo ilikuwa imemshinda tangu wiki iliyopita. Nje, akina mama wa Soni walikuwa wakishusha matenga ya karoti na kabichi.

Miaka ile soko lilikuwa limeachiwa huru, na kila mwenye chumba kinachotazama barabara alijaribu bahati yake. Jenoveva alifungua kafe ya intaneti. Kompyuta zake zilikuwa mitumba ya Ulaya na zilikuja na Linux, programu endeshi ya bure isiyosumbuliwa na virusi. Ubaya wake ulikuwa mmoja: gemu zilizouzwa Tanga zote zilitengenezwa kwa ajili ya Windows, na Linux ilizikataa kama mtoto anavyokataa dawa.

Gemu ya ndege ilikuwa ya Nassoro, dereva wa lori la magogo. Aliinunua mwenyewe, akaileta ikiwa imefungwa kwenye gazeti.

"Dada Jeni, mimi kutwa nazunguka na kona za mlima huu," alisema. "Jioni nataka nipae kidogo. Hebu nifungulie."

Jenoveva si mtu wa kukata tamaa upesi. Aliweka Wine, programu ambayo kazi yake ni kuifanya gemu ya Windows ijione iko nyumbani. Skrini ikawa nyeusi. Akabadilisha draiva ya kadi ya picha. Ndege ikaonekana uwanjani, ikanguruma, ikaganda. Akapunguza ubora wa picha, akazima sauti, akawauliza watu wa mbali kwenye mtandao, nao wakamjibu kwa ukali kwamba asome maelekezo kwanza. Alikuwa ameshayasoma. Asubuhi ile ya gulio, hatimaye, mashine ikatoa ujumbe wa kueleweka: diski imejaa.

Haikuwa na sababu ya kujaa. Jenoveva alifuta nyimbo na picha ambazo wateja walizisahau, akapata nafasi tele. Chai yake haijapoa, diski ikajaa tena. Katikati ya mambo hayo mawili hakukutokea kitu, isipokuwa lori la Nassoro lilipita barabarani likishuka kutoka Magamba kuelekea Mombo, limesheheni magogo. Alifuta tena, akangoja. Lori jingine la tajiri aliyemwajiri Nassoro likapita, na diski ikajaa.

Basi akatafuta kinachokula nafasi, akakuta folda ambayo hakuitengeneza, haina jina. Akaifungua.

Ulikuwa mkulo, ule mti mkubwa wa mbao wa misitu ya Magamba, wima, mzima. Haikuwa picha, kwa sababu majani yalitikisika na ukungu ulipita kati yake, na mbega walikuwa wakiruka huku mikia yao mieupe ikiwafuata. Jenoveva alisogeza kipanya juu, na shina likaendelea kwenda juu, hadi mkono ukamchoka kabla hajafika tawi la kwanza. Nyuma ya mkulo huo ulisimama mwingine, na nyuma yake mwingine, msitu mzima wa miti ambayo ilikuwa imeshapita hapo mlangoni ikiwa imelala juu ya lori. Chumba kilijaa harufu ya mbao mbichi. Alisimama, kwa kuwa aliona kukaa si adabu.

Mchana umeme ukakatika kama kawaida yake. Skrini zote zikazimika, ya namba tatu ikaendelea. Watu wa gulio wakaanza kuingia. Waliacha matenga mlangoni, wakavua kofia, wakazungumza kwa kunong'ona kama wako ibadani. Hakuna aliyeuliza miti imeingiaje humo. Waliuliza kama inaruhusiwa kusogea karibu.

Mama yake Jenoveva, Mama Efrazia, alikuwa ameshuka kutoka Magamba na kabichi zake, ndogo na za manjano. Chemchemi ya shamba lake ilikuwa imekauka tangu ulipokatwa mti uliokuwa juu yake, na kitalu chake kilikuwa kinakufa. Bila kitalu hana msimu, na bila msimu hana chakula.

"Onga mshi," aliwaamkia waliokuwamo, wakamwitikia. Akaikazia macho skrini. "Jeni, nisogezee kushoto. Panda kidogo. Hapo."

Mti wa chemchemi yake ulikuwepo, na mzinga wa nyuki ukining'inia tawini.

"Huu mzinga aliutundika baba mimi nikiwa mdogo," alisema, akalia bila kujificha.

Kisahani cha kuwekea CD kikatoka chenyewe, na maji yakaanza kuchuruzika. Jenoveva alikinga kikombe, kikajaa. Akakinga sufuria, kisha ndoo. Yalikuwa maji ya baridi, yale ya mlimani yanayouma meno. Mama Efrazia aliyaonja, akasema ndiyo yenyewe ya chemchemi yake, akaenda kununua dumu. Jioni alipanda nalo basi kurudi Magamba, konda akamsaidia kulipakia kwenye buti pamoja na matenga matupu. Kitalu kikapona. Majirani nao wakaanza kuja na madumu.

Habari zikamfikia ofisa mmoja wa misitu, ambaye ndiye aliyekuwa akigonga mihuri kwenye vibali vya malori ya magogo. Alipewa kiti. Alitazama skrini muda mrefu, macho yakamlenga machozi, akayafuta kwa leso.

"Ni mizuri sana," alisema. "Ina kibali?"

"Kibali cha nini, mkuu?"

"Cha kuhifadhi mazao ya misitu. Magogo ya kwenye lori yana kibali, nimeyagongea muhuri kwa mkono wangu. Haya ya kwako sijayagongea." Akaagiza yawe yamefutwa kufikia gulio lijalo.

Kufuta kulikuwa kazi ya amri moja. Diski ingekuwa nyeupe, ndege ya Nassoro ingepaa, na kitalu cha mama kingekauka.

Jioni hiyo Nassoro alikuja kuulizia gemu yake. Jenoveva alimpisha kiti. Mkulo uliokuwa mbele ya yote Nassoro aliujua. Asubuhi ile alikuwa ameufunga minyororo yeye mwenyewe. Akavua kofia.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," zikajibu spika, kwa sauti nzito isiyo na haraka.

Nassoro aliinamisha kichwa. "Jeni, huu nimeufikisha Mombo leo."

"Najua," alisema Jenoveva.

"Na mti umeniitikia vizuri. Ungenitukana ningeelewa."

"Basi acha kuibeba, kaka Nassoro."

"Nikiacha, tajiri ana madereva wengine wanasubiri getini. Lori litapita tu."

Jenoveva akamweleza agizo la ofisa. "Mimi sifuti," alisema. "Mama yangu anakunywa humu."

Nassoro aliaga, akasahau kuulizia ndege.

Gulio lililofuata Jenoveva alimngoja ofisa mlangoni. Ofisa alikuja na madumu mawili. Bomba la nyumbani kwake lilikuwa limekauka. Alipanga foleni nyuma ya akina mama, akakinga, akashukuru, na habari ya kufuta hakuitaja tena. Kutoka hapo alikwenda ofisini, ambako malori yalikuwa yakimngoja agonge muhuri.

Jua lilipokuwa linazama nyuma ya mlima, Nassoro aliingia na kifurushi kilichofungwa kwenye gazeti. Ilikuwa diski mpya kabisa, alimwagiza mtu Dar es Salaam.

"Wameniambia inabeba mara nyingi zaidi ya hiyo ya zamani," alisema.

"Ya gemu?"

"Gemu achana nayo." Alitazama skrini, ambako mikulo ya leo ilikuwa imeshabanana ukingoni. "Nimeona inakosa pa kusimama. Ifunge leoleo, dada. Kuanzia kesho tajiri ameongeza malori."

Jenoveva akainuka kutafuta bisibisi.