Makofi ya Maximilla

Tangu mtambo mpya wa simu ufungwe hapa Kasulu, sijakaa kwenye kiti changu nikatulia. Zamani mtu akitaka kuongea na Dar es Salaam alikwenda posta akamwona Aline. Aline alichomeka nyaya zake, akaita halo-halo mpaka koo likamkauka, na mteja alingoja huku anamenya karanga. Mtambo wa sasa ni wa kidijitali, Aline hahitajiki tena, na simu imenifuata mpaka dukani, inakaa juu ya kaunta kati ya mizani na boksi la sabuni. Inalia kutwa. Bei ya maharage ya Kigoma inajulikana hapa kabla wenye maharage hawajaamka. Mchumba anaachwa saa tatu, saa nne mji mzima unazo habari. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimekulia kwenye mambo ya haraka, lakini haya hata mimi yananipa kiungulia.

Jumatano hiyo nilikuwa nawangoja watu wa kijiji cha Kitanga. Walifika mapema, miguu imejaa vumbi jekundu: Maximilla, mjane wa mwaka jana, na shemeji yake Kipriani, mdogo wa marehemu. Jambo lao nilikuwa nalijua. Marehemu aliacha shamba la migomba, na mrithi wake ni Tharsisi, mtoto pekee, ambaye amekwenda Dar akanyamaza. Jumapili baada ya misa wazee wangekaa. Kipriani alikuwa ameshasema mbele ya watu: nikisikia kwa masikio yangu kwamba kijana anarudi, shamba ni lake. Nisiposikia, nalilima mimi. Na Maximilla, akilipoteza shamba lile, angebaki na nyumba na uwanja wa kuanikia mihogo, basi.

Tharsisi mwenyewe hakuwa na habari. Wiki iliyotangulia alipiga kumuulizia mama yake, nikamwambia apige Jumatano saa nne, mama na baba mdogo watakuwepo, kuna jambo. Sikupata nafasi ya kusema zaidi. Anatumia simu za barabarani, zile za kadi, na kadi ikiisha hata kama unataja jina la Mungu unakatwa.

"Mama Maximilla," nilimwambia, "akipiga, muulize kwanza. Unarudi au hurudi? Salamu baadaye."

Alinitazama kama niliyemwambia avue kitenge sokoni. "Mama Zuleha, nitamuulizaje mtu ambaye sijamsalimia?"

Simu ikalia. Nikampa mkonga wa simu. Akausikiliza, akatabasamu, uso wote ukamfunguka, nikajua ni yeye. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea, ingawa nimeishi na Waha miaka yote hii. Akaulaza mkonga juu ya kaunta, taratibu, kama anayelaza mtoto. Akarudi nyuma hatua moja, akainama, akaanza kupiga makofi.

"Mwakeye, mwanangu, mwakeye."

Pa, pa, pa. Mwanamke wa Kiha hasalimii kwa mdomo mtupu, na huwezi kupiga makofi umeshika simu. Akamuuliza habari za nyumbani kwake, za kazi, za majirani, za mwili wake, kila swali na makofi yake, akinyamaza kidogo aitikiwe. Mkonga ulikuwa unalialia pale kwenye sabuni: "Mama! Mama, sema haraka, kadi inaisha! Mama!"

"Mchukue!" nilipiga kelele. "Maximilla, mchukue!"

Alikuwa amefika kwenye ng'ombe wa jirani simu ilipokatika.

Nilitaka kulia kwa hasira. Aline angemngoja. Aline alikuwa Muha kama wao, angewaachia laini mpaka salamu ziishe, na huko Dar angewaambia subirini kidogo, mama bado anasalimia. Mtambo hauna mama.

Kipriani alikuwa amekaa kwenye gunia la chumvi, kofia mapajani. Hakufurahi, nasema ukweli. Angefurahi ningemchukia kwa raha zangu.

"Hakuitika," alisema.

"Ni mbali," alisema Maximilla. "Labda hakusikia."

"Alisikia. Mama yake anamsalimia, yeye anasema haraka, haraka. Yule ameshahama, shemeji."

Maximilla akakaa chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha. Hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nikawa nazunguka tu, nafuta kaunta iliyokwisha kufutwa, namfukuza mteja wa kiberiti. Nilimwomba Mungu yule kijana awe na akili ya kununua kadi nyingine.

Ikalia tena. Niliirukia.

"Tharsisi, nyamaza unisikilize. Mama yako anakusalimia na wewe unampigia kelele kama konda? Weka huo mkonga chini umwitikie kwa mikono."

"Hapa? Mama Zuleha, niko Kariakoo! Watu wamepanga foleni nyuma yangu!"

"Hapo hapo. Wakicheka, wacheke."

Nikambandika Kipriani mkonga sikioni, nami nikasogeza kichwa changu kando ya chake. Maximilla akasimama, akainama, akaanza upya. Mwakeye, mwanangu. Kwanza zilikuja honi na kelele za wauza mitumba. Kisha, mbali kabisa, pa. Pa, pa. Polepole, mtu anayekumbuka kitu. Kuna mtu huko nyuma yake alicheka kwa sauti, na makofi hayakusimama. Kipriani alifumba macho.

Ikakatika.

"Hamkumuuliza!" nikasema. "Anarudi au harudi? Hakuna aliyemuuliza!"

Kipriani akavaa kofia yake. "Ameitika," alisema. "Jumapili nitawaambia wazee migomba ya kaka yangu ina mwenyewe."

Maximilla alimpigia makofi shemeji yake, akanipigia na mimi, marefu, mpaka nikaona haya, kisha wakaondoka. Nilikuwa bado nawaona wakipandisha njia ya Kitanga, yeye nyuma ya Kipriani, simu ilipolia mara ya tatu.

"Mama bado yupo?" Sauti yake ilikuwa nzito. "Sijamwambia."

"Hujamwambia nini?"

"Naondoka kesho. Kuna lori la kwenda mpakani, halafu Sauzi. Nilipiga nimuage."

Nikaona giza. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: shamba, wazee, Jumapili, baba yake mdogo amesikia makofi akaacha kila kitu.

"Lakini mimi nimepiga makofi tu, Mama Zuleha."

"Huku hakuna makofi tu, na wewe unajua!"

Zilisikika honi. Mtu nyuma yake alimwambia amalize, wengine wanangoja.

"Baba mdogo aliyasikia?" aliuliza. "Yeye mwenyewe?"

"Kwa sikio lake. Alifumba macho."

Nilimsikia akivuta pumzi kwa kamasi, kama mtoto.

"Treni ya Kigoma," alisema, "inaondoka siku ga—"

Ikakatika.

"Ijumaa!" nilipiga kelele. Wateja wakageuka. Simu ilikuwa inalia ile tuuu yake isiyomjua mtu, nami nimeikamata kwa mikono miwili. "Ijumaa, Tharsisi! Ijumaa!"