Mtoto Aitwaye Limitedi

Mwaka 1954 nilikuwa karani aliyejiona anajua sheria kuliko watu wote wa Kawajense. Kisa hiki ndicho kilichoniponya.

Klementina alinijia wiki ya pili baada ya kumzika mumewe, Ubaldo. Alikuwa na mizinga arobaini porini, ameinunua mmoja mmoja kwa jasho la kupika pombe, lakini kila mtu aliiita mizinga ya Ubaldo. Siku ya kuondoa matanga, ambayo kwetu huwa mwezi wa tatu baada ya mazishi, angeirithi shemeji yake, Fabiani, mwanamume ambaye akisikia nyuki mmoja anakimbia na kuacha viatu. Mjane wa watu angebaki na chungu.

Nikamwambia dawa ipo: kampuni. Watu wawili wanatosha, na kila mmoja achukue angalau hisa moja. Tunaandika katiba yenye jina la kampuni, likiishia na neno Limitedi, mahali pa ofisi, kazi yake, mtaji wake, na kwamba mwenye hisa hadaiwi zaidi ya alichoahidi kutoa. Tunasaini mbele ya shahidi, tunapeleka kwa Msajili, Dar es Salaam. Mizinga ikishaingia kama mtaji, si ya Klementina tena wala ya marehemu. Ni ya kampuni.

Shida ikawa mtu wa pili. Kila mwanamume tuliyemwomba alitazama karatasi yenye jina lake na la mjane, pamoja na ada na shahidi, akasema hataki matatizo na mkewe. Nikakasirika, nikasaini mwenyewe. Nilichukua hisa moja, Klementina tisini na tisa. Mke wangu Kasilda sikumwambia, maana niliona ni mambo ya ofisi.

Karatasi zikaondoka kwa treni, na baada ya miezi miwili cheti kikarudi, siku tano kabla ya kuondoa matanga.

Siku yenyewe watu walikusanyika kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Fabiani alikuja amekwisha kuvaa koti la marehemu. Nikasimama na cheti mkononi. Kwa majivuno ninayoyajutia hadi leo, nikaeleza kwamba mbele ya sheria kampuni ni mtu kamili. Ina jina lake, ina mali yake, inashtaki na kushtakiwa, nayo imezaliwa tarehe kumi na nne mwezi uliopita.

Fabiani hakubisha. Alifikiri kidogo, akauliza imezaliwa nyumbani kwa nani. Nikasema ofisi yake ni kwa Klementina.

"Na matanga yalikuwa bado," akasema.

Basi akaeleza, kwa furaha, kwamba mtoto anayezaliwa nyumba ya marehemu kabla ya kuondoa matanga ni mtoto wa marehemu. Huyu Limitedi ni mtoto wa kaka yake, na mlezi wake ni yeye. Akanishukuru kwa kumkusanyia mtoto mali yote mahali pamoja.

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mwanangwa akaniuliza kama kitabu changu cha sheria kinasema kampuni haina baba. Nikapekua kurasa hadi jasho likanitoka. Hakisemi. Klementina alikuwa amekaa chini akinitazama mimi tu, na nilimwonea huruma mpaka nikaona aibu.

Mwanangwa akasema uko mlango mmoja. Kama mtoto ana baba mwingine aliye hai, na baba huyo akakiri mbele ya watu na kutoa mbuzi wawili wa fidia, ukoo wa marehemu hauna neno. Kisha akauliza, kwa upole sana, ni nani mwingine aliyesaini.

"Mtoto ni wangu," nikasema.

Fabiani akapinga kwamba hatufanani. Mwanangwa akakitazama cheti, akanitazama mimi, akasema watoto hubadilika. Na kwa kuwa bado ni mchanga, atakaa kwa mama yake pamoja na mizinga yake. Klementina akalia kwa sauti. Mimi nikajaribu kueleza kwamba deni langu kisheria linaishia kwenye hisa moja. Nikaambiwa nilete mbuzi wawili wazima.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Kasilda alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele. Nikaanza kuapa kwamba hakuna kitu kati yangu na yule mama.

"Najua," akasema. "Nyie mlisaini tu."

Akaendelea kuchambua.

"Lakini jina lake limefika Dar es Salaam pamoja na lako. Mimi nina miaka kumi na miwili humu ndani. Karatasi yenye majina yetu ni ile ya kanisani tu, nayo aliiandika padri."

Nilikuwa nimewaandikia barua nusu ya watu wa Kawajense. Nikaingia ndani kutafuta karatasi na kalamu.