Kamba Iliyotundikwa Kichwa Chini

Maduhu alikuwa ameua mtu kwa mdomo, ila mtu mwenyewe alikuwa bado hajafa. Alikuwa amefungiwa kwenye ghala la zamani la pamba, mlango umeegemezwa gogo, na sungusungu wawili, walinzi wa kijiji, wamekaa nje na mikuki yao wakitafuna mua. Jina lake Scolastika, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kupikia kinyesi cha ng'ombe, na ndiye mwenye shamba lililochimbwa shimo la dhahabu. Baraza lingekaa alasiri. Mabaraza ya namna ile, mtuhumiwa akiwa bibi kizee wa macho mekundu, huwa hayachelewi kwisha. Polisi wakifika kutoka Kharumwa hukuta majivu, na kijiji kizima hakikuona wala kusikia.

Na yote hayo ni kwa sababu ya maneno matatu ya Maduhu: "Mkono wa kushoto."

Maduhu alistaafu ulinzi wa stesheni ya reli kule Shinyanga, ambako treni zilichelewa kiasi kwamba mlinzi mwenye akili angeweza kusoma maktaba nzima akingoja moja. Yeye alisoma riwaya za upelelezi, zile zilizochakaa zinazouzwa chini, juu ya gunia. Nyingi hazikuwa na kurasa za mwisho, ikambidi amtafute muuaji mwenyewe. Anaapa kwamba siku moja alikuja kukipata kitabu kizima, akakuta mwandishi kamkamata mtu mwingine, na mwandishi ndiye aliyekosea.

Humo alijifunza kazi. Tazama viatu kabla ya uso. Tazama vidole kabla ya kusikiliza maneno. Na ukishajua, usieleze umejuaje. Hiyo ya mwisho aliiongeza mwenyewe, maana aliona vitabuni kwamba mpelelezi akishaeleza tu, watu husema, "Aa, kumbe ni hivyo tu!" na utamu wote unaisha.

Basi alipohamia kijijini, akawa anakaa kwenye kibanda cha Mama Jenifa, muuza ugali na samaki mkabala na shimo, akiwapiga wageni butwaa. "Wewe umetoka Ushetu, na tumbaku umeiacha banini inakauka." "Wewe ni dalali wa almasi wa Maganzo, usinifiche." Watu walishika vinywa. Mzee huyu ana mizimu! Naye alicheka mpaka jino la nyuma likaonekana, asikatae. Hapo ndipo balaa lilipoota mizizi. Kwa watu wale, mtu ajuaye yasiyosemwa ana jina moja tu, na jina hilo si mpelelezi. Ni mfumu, mganga apasuaye kuku na kusoma yaliyomo. Na mfumu akishasema, hakuna rufaa.

Ndipo alipokufa Frank, kijana mchimbaji. Alikuwa anashushwa shimoni kwa winchi, kamba ikakatika, akaenda na giza. Kesho yake, mwili ukiwa umeshaopolewa, kipande cha kamba kilionekana kimening'inia kwenye nguzo mdomoni mwa shimo. Watu walimfuata Maduhu. Alikuja kwa madaha, akachutama, akakunja uso kama wanavyokunja vitabuni. Kamba haikukatika, ilikatwa. Upande mmoja wa ncha nyuzi zilikuwa safi, zimepitiwa na kisu. Upande wa pili zimechanika zenyewe kwa uzito wa mtu. Mgongo wa kamba, ule unaolalia gogo la winchi, ulikuwa mweusi kwa grisi, na pale mdomoni mtu ana ubao mmoja tu wa kusimama, unaomweka aitazame kamba kwa upande mmoja tu. Kwa hiyo kisu kilianzia kushoto kwa mkataji.

"Mkono wa kushoto," akasema, akanyamaza, akingoja wamsihi aendelee.

Hakuna aliyemsihi. Kijiji kizima kilimjua mtu mmoja tu avunaye mpunga kwa mkono wa kushoto. Tena Scolastika alisikika, siku wachimbaji walipofika karibu na kaburi la mumewe, akisema shimo lile litakula mtu.

Asubuhi ya siku ya baraza Maduhu alikwenda ghalani, akasogeza mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa heshima ya mama.

"Usinisalimie, Maduhu. Salamu yako inazika."

"Ulikuwa wapi Frank alipoanguka?"

"Mpungani, peke yangu. Shahidi wangu ni ndege. Nenda kawaulize, si wewe unajua kila lugha?" Akakohoa. "Walikuja kukuuliza mtu, ukawapa mkono. Wangeufungia mkono basi! Mbona wamenifungia mimi mzima?"

Sungusungu mmoja alicheka, mua ukamponyoka. Maduhu hakucheka. Alirudi shimoni, akaketi kibandani kwa Mama Jenifa, akaikodolea macho kamba.

"Shikamoo, mfumu," Mama Jenifa akamsalimu.

"Marahaba. Usiniite hivyo."

"Leo ndiyo hutaki? Juzi ulikuwa unaliitikia jina kama umebatizwa nalo."

"Mama Jenifa, hicho kipande kilichobaki winchini…"

"Kipi kilichobaki winchini? Hicho ndicho alichoanguka nacho marehemu. Kilichobaki walishakifungua, wamefungia punda."

Maduhu aligeuka polepole. "Kama alianguka nacho, ncha iliyokatwa ilikuwa juu. Mbona hapa iko chini?"

"Si kimetundikwa kichwa chini! Wachimbaji wa shimo hili ndiyo desturi yao. Kamba ya mtu aliyekufa haiachwi ikitazama juu, itapanda na kumleta mwenyewe. Ah, wewe mtu wa stesheni utayajulia wapi hayo?"

Maduhu aliipindua kamba kichwani mwake. Ya chini ikawa juu. Na iliyokuwa kushoto ikawa kulia. Alikuwa amesoma maiti miguu juu, na kwa usomaji huo bibi wa watu anakwenda kuchomwa.

"Na huwa anaitundika nani?" akauliza, sauti ikiwa ndogo.

"Aliyemshusha. Mkono ulioshika kamba mara ya mwisho ndio unaotundika, la sivyo marehemu anaufuata mpaka kitandani. Alitundika Apolinari, ndiyo kwanza nawasha moto. Analia huyo, kamasi zinamtoka, mpaka nikamhurumia. Na ukizingatia Frank mwenyewe alivyokuwa anampelekea Juliana samaki, mke wa huyohuyo Apolinari, mpaka ndoa ikavunjika… mwenzangu, mtu wa kumlilia vile ana moyo."

Maduhu aliweka chini taratibu kikombe cha chai alichokuwa amepewa, asije akakimwaga. Apolinari ndiye mtu wa winchi. Na Apolinari aliapa mbele ya watu wote kwamba Frank alipoanguka, yeye alikuwa Kharumwa akinunua mafuta, na aliyemshusha marehemu hamjui.

"Umemwambia nani haya?"

"Nani kaniuliza? Mtu wa winchi kutundika kamba nayo ni habari?"

"Basi usimwambie mtu. Hata ukiota, ota kimya."

Alasiri kijiji kilijaa kwenye uwanja wa ghala. Ngassa, mtemi wa sungusungu, alipuliza filimbi. Scolastika akatolewa, akakalishwa chini katikati, na watu wakaacha nafasi pande zote kama anayeambukiza. Nyuma yake mtu alikuwa ameshaweka matairi mawili makuukuu na galoni la petroli. Hakuna aliyeyaangalia. Apolinari alikaa mstari wa mbele, mikono imekunjwa.

"Mfumu alishasema," Ngassa akaanza. "Kuna mwenye neno?"

"Mimi," Maduhu akasimama. "Nilikosea."

"Mfumu hakosei."

"Mimi si mfumu, Mtemi. Mimi ni mlinzi wa stesheni."

Kelele zikapanda. "Bibi kamroga, kamfunga mdomo!" "Mtazameni macho, nayo yameanza kuwa mekundu!" Mtu wa karibu na matairi akainuka. Maduhu akaona kwamba ulimi mmoja hautoshi kuzuia watu wale, na kwamba amebakiwa na kitu kimoja tu cha kuwapa, kile alichowanyima siku zote.

"Yule wa Ushetu vidole vyake vilikuwa na utomvu mweusi wa tumbaku mbichi!" akapaza sauti. "Yule wa Maganzo alikuwa anafumba jicho moja kila akitazama kitu, hata punje ya chumvi, kama anayekagua almasi! Ndivyo nilivyojua. Hakuna mizimu!"

Kisha mama mmoja akasema, "Aa, kumbe ni hivyo tu!"

Kwa mara ya kwanza maishani Maduhu aliyapenda maneno hayo. Akaagiza kamba mpya na ndoo ya mawe, wakaipaka kamba grisi mgongoni, wakaitundika mtini. "Mtemi, kata kwa mkono wako ule wa kulia." Ngassa akakata, ndoo ikaanguka na kishindo. Maduhu akaokota kipande kilichoanguka na ndoo, akakigeuza kichwa chini kama ilivyo desturi ya shimo, akakishika kando ya kamba ya marehemu. Ndugu pacha. Watu wakapanga mstari kutazama, mmoja mmoja, hata wa matairi.

"Kwa hiyo hata mimi ningeweza kuwa muuaji," Ngassa akasema, akijitazama kiganja.

"Hata wewe. Hata mimi. Ila siyo bibi huyu, ambaye hata chumvi anashikia kushoto."

"Basi ni nani?"

Swali lile lilizunguka uwanja kama moto wa nyasi. Vitabuni, huu ndio ukurasa mtamu kuliko yote: watu wamekaa, mpelelezi anainua kidole. Maduhu alikuwa ameungoja ukurasa huo umri wake wote, na sasa kidole kilikuwa kinamwasha kweli. Lakini galoni lilikuwa palepale. Akitaja jina, atakuwa ameua tena, safari hii mwenye hatia, na kwa mdomo uleule. Akayalazimisha macho yake yatazame mchanga.

"Hilo nitalisemea polisi, Kharumwa. Hapa sisemi."

Apolinari akakunjua mikono.

"Mzee atafika Kharumwa na miguu ile?" akasema kwa upole. "Pikipiki ninayo, na mafuta yamo. Nitampeleka."

Akatabasamu, macho hayakushiriki. Maduhu akajua kwamba na yeye amesomwa.

"Neno jema," Ngassa akasema. "Nenda naye, mzee."

Kukataa kulikuwa sawa na kuinua kidole. Maduhu alitembea kuelekea pikipiki ile kama anayeshushwa shimoni. Ndipo Scolastika akanyanyuka, akakung'uta vumbi kwenye kanga.

"Nami napanda."

"Mayu, wewe umeshasafishwa, rudi nyumbani," Ngassa akamwambia.

"Nikilala hapa, kesho mtapata kamba nyingine. Nisogezee, Maduhu. Nikae kati, mimi mwepesi."

Wakapanda mshikaki, Apolinari mbele, bibi katikati, Maduhu nyuma akining'inia nusu. Injini ilipowaka, akageuka kwa watu na kupaza sauti: "Jamani, mmetuona! Tumeondoka na Apolinari, wote wazima! Tusipofika, msimuulize kuku!"

Wachache walicheka. Apolinari hakucheka.

Walikwenda, vumbi likiwafuata. Penye njia panda, ambapo njia moja inakwenda Kharumwa na nyingine inaingia kwenye mashimo ya kale yasiyo na wenyewe, Apolinari alipunguza mwendo, akasimama. Hapakuwa na mtu wala ng'ombe. Injini ilinguruma chini kwa chini. Mkono wake ulikuwa mfukoni.

"Ulijuaje, mzee?" akauliza bila kugeuka.

"Uliitundika kamba," Maduhu akajibu.

Upepo ukapita kwenye vichaka. "Angenifuata," Apolinari akasema.

"Najua."

"Nisingelala."

"Kwani umelala?" Scolastika akamuuliza, mdomo ukiwa karibu na sikio lake. "Nilipofungiwa ghalani kwa kosa lako, ulilala? Mimi nililala na gogo mlangoni, baba. Twende. Huko unakotazama utatuacha wawili wa kukufuata, na kamba za kutundika huna."

Mkono wa Apolinari ukatoka mfukoni, mtupu. Akaingiza gia, na pikipiki ikashika njia ya Kharumwa, polepole, kama inayobeba mgonjwa.