Gurudumu la Kushoto

"Nani alikwambia uguse?"

"Sijagusa, nimerekebisha."

"Kaka, kurekebisha si ndiyo kugusa kwenyewe?"

Roboti yao ilikuwa sakafuni, inazunguka palepale kama mbwa anayefukuza mkia wake. Chumba cha klabu, nyuma ya maabara ya fizikia, kimejaa kelele. Upande huu Bisibisi, kamaliza shule juzi tu, sasa yuko chuoni mwaka wa kwanza anasoma uhandisi, lakini kila akipata upenyo utamkuta hapa. Upande ule mdogo wake wa tumbo moja, nahodha wa klabu, mikono kiunoni, mama yao kabisa. Katikati wanafunzi watatu wanajifanya wanatafuta skrubu.

"Zimeni hilo dude kwanza," alisema Bisibisi.

Likazimwa.

Mambo yalikuwa hivi. Mota ya kushoto hufungwa ikitazama nyuma, kwa hiyo ukiiamrisha mbele, inarudi nyuma. Bisibisi alipoingia tu akaiona, akachekea tumboni: hawa bila mimi wataumbuka. Hakuuliza mtu. Akafungua kompyuta, akageuza amri ya gurudumu la kushoto kwenye programu, kama walivyofanya enzi zake. Kumbe mdogo wake alishageuza nyaya jana. Kitu kimegeuzwa mara mbili, kimerudi kulekule, na mashindano ni kesho.

"Enzi zetu nyaya haziguswi," alijitetea.

"Enzi zenu," akadakia mtaalamu wao wa programu, kijana mwenye miwani, "roboti ilimgonga mwalimu mkuu."

"Ilimgusa tu."

Hapo hata nahodha alishindwa kujizuia, akacheka. Kisha akakumbuka amekasirika. "Na mtihani wako wa hesabu?"

"Nitawahi. Ngoja nirudishe hii."

Alipopeleka mkono kwenye kompyuta, mdogo wake akaifunga polepole, vidole vya kaka mtu nusura vibaki ndani.

"Wiki iliyopita ulitoroka kipindi cha maabara ukaja kutukatia bati. Ukifeli huko, mama atakupiga marufuku kuja huku, moja kwa moja. Halafu nani atatuambia tumekosea wapi?"

Bisibisi aliuvuta mkono wake. Yeye siku zote alidhani wakimkataza kushika vyombo, ndiyo wamemfukuza.

"Kwa hiyo bado mnanitaka?"

"Mdomo wako tunauhitaji sana. Mikono ndiyo inatusumbua."

"Haya, nawauliza kwa mdomo," alisema, akijikuna kichwa. "Nyaya zimegeuzwa, programu imegeuzwa. Mnarudisha ipi?"

"Nyaya," alisema mmoja.

"Wewe," mwenye miwani akamkatiza. "Nyaya zimeshabanwa. Ukizichokoa leo, kesho zinachomoka uwanjani. Tunarudisha programu."

Bisibisi, ambaye hakuwa amewaza hata kidogo habari ya nyaya kuchomoka, alijifanya kukohoa.

"Sawa?" aliuliza mdogo wake.

"Nahodha ni wewe, mama mdogo. Mimi nina mtihani."

Akatupia begi begani. Nyuma yake kompyuta ikafunguliwa, vidole vikagonga, mtu akasema tayari, mota zikaanza kuunguruma. Shingo ilimwasha kugeuka. Angegeuka, wangemwona, na wangemsubiri aseme kitu, na angesema, na mkono ungefuata.

Akatoka, akafunga mlango.