Saa Iliyochechemea

Mume wangu mtaani wanamwita Dakika. Ukimwita mezani, "dakika moja." Mvua inanyesha na nguo ziko kambani, "dakika moja." Fundi seremala, mbishi hana mfano, nami nampenda hivyo hivyo, nifanyeje.

Saa ya ukutani aliichonga mwenyewe: sanduku la mbao, magurudumu ya shaba, timazi linaloyumba huku na huku. Hata kengele akazipanga zifuate hesabu yetu, saa moja asubuhi igonge mara moja, siyo saba. Alimtengenezea mama yake. Mama mkwe macho yalishazimika, siku yake yote anaishika kwa kengele zile, na kitanda chake kiko chini ya saa hiyo hasa.

Basi shemeji, mdogo wake Dakika, akaanza kupandisha ghorofa juu ya vichwa vyetu. Haikupita muda saa ikaanza kuchechemea. Tik, kimya, tak-tik.

"Imelala upande," Dakika akasema. "Timazi linataka saa isimame wima."

Akaisukuma kidogo kulia, ikatembea vizuri, akachora alama ya penseli ukutani. Kesho yake ikachechemea tena. Akasukuma tena, akachora tena. Akalaumu mbao, akalaumu unyevu, akanilaumu mimi na ufagio wangu wa buibui.

"Na mdogo wako huko juu humlaumu?"

"Mambo ya ujenzi tuachie wenyewe."

"Haya. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ufa uko wapi? Nionyeshe."

Ufa kweli haukuwepo. Nikaondoka zangu nimenuna, maana hakuna kinachoudhi kama mbishi aliyepata hoja.

Asubuhi moja napangusa ukuta, nikaziangalia zile alama. Zote zilikwenda kulia. Hata moja haikurudi nyuma. Nikakumbuka mlango wa chumba kile, siku hizi naufungua kwa bega. Saa haikuwa na kosa lolote. Ukuta ndio uliokuwa unalala.

"Mama, inuka tutoke."

"Ngoja igonge saa nne kwanza, mwanangu."

"Utaisikia ukiwa nje."

Nikamweka mgongoni. Dakika akatokea uani, penseli sikioni, tayari kubisha. Nikamwonyesha alama kwa kidole. Akazifuata kwa kidole, toka ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Nimekuwa nainyoosha saa," akasema polepole.

Akachukua kiti, tukamketisha mama yake ng'ambo ya barabara. Juu hakukuwa na mtu, shemeji na vibarua wake hawakuja siku ile. Yalikuwepo matofali tu, na zege bichi la jana. Nikashukuru, nikaona tumepona.

Dakika akageuka kuitazama nyumba.

"Iache hiyo saa," nikamwambia. "Utachonga nyingine."

"Mama ataishi na nini? Dakika moja tu."

Nikamshika shati. Akanibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemvua mtoto viatu, akavuka barabara.

Kengele zikaanza. Mama mkwe akainua mkono, akahesabu kwa vidole kama kawaida yake. Moja. Mbili. Tatu.

Ukuta ukashuka, ghorofa ikaufuata. Vumbi likavuka barabara likatufunika mimi na yeye.

Lilipoanza kutulia, vidole vyake vitatu vilikuwa bado viko juu.

"Bado moja," akasema, akatega sikio.